Wimbo unaoishia re uko ufunguo gani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Nafundisha kwaya ya parokia, na Pasaka hii tumeamua kuimba Victimae paschali laudes, ile sekwensia ya Dominika ya Pasaka, kwa Kilatini. Nakala yangu ya solfa imeandikwa juu "Do = C", lakini wimbo unaanza re na kuishia re. Mpiga kinanda wetu anasema ni D maina, na anataka tuweke flati kwenye B. Katibu wa kwaya anasema hakuna shapu wala flati, kwa hiyo ni C meja. Nikimalizia kwa C, wimbo unabaki unaning'inia. Nani yuko sahihi? Na nyimbo nyingine za namna hii nitajuaje ufunguo wake?

JIBU: Milele amina, mwalimu. Wenzako wote wawili wana kitu mkononi. Mpiga kinanda amesikia vizuri mahali wimbo unapotulia: ni D. Katibu amesoma vizuri noti zinazotumika: ni zile za Do = C, bila shapu (alama ya kupandisha noti nusu toni) wala flati (alama ya kuishusha). Wimbo wenu unatulia D ukitumia noti za C. Wanamuziki huuita ufunguo huo D Doriani, na vitabu vya Kanisa huuita modi ya kwanza. Flati msiiweke, na mwisho msiupeleke C.

Ugomvi wenu unatokana na mazoea. Nyimbo nyingi tunazofundishana kwaya ni za meja au maina, na humo neno "ufunguo" hubeba habari mbili kwa pamoja bila sisi kugundua. Habari ya kwanza ni kituo, yaani noti ambayo wimbo ukifika pale mwimbaji anaweza kufunga kitabu. Ya pili ni familia ya noti zinazotumika. Katika meja kituo ni do, katika maina kituo ni la, basi. Ukihesabu shapu na flati umeshapata jibu, kwa sababu waliobaki ni wagombea wawili tu. Katika nyimbo za modi kituo kinaweza kuwa re, mi, fa au so, na familia ikabaki ileile. Kwa hiyo kila wimbo wa namna hii unauliza maswali mawili, na lazima uyajibu moja moja: unatulia wapi? Unatumia noti zipi?

Alama zilizoandikwa mwanzoni mwa mistari zinajibu swali la pili peke yake, na hata hapo siyo mara zote. Bach, mtunzi Mjerumani, ana Tokata na Fuga ya kinanda, namba BWV 538 katika orodha ya kazi zake, ambayo watu wameipa jina la "Doriani" kwa sababu ameiandika bila flati yoyote mwanzoni. Ukiipiga utasikia ni D maina ya kawaida. Flati za B amezitia ndani, moja moja, kila zinapohitajika. Anayesoma alama tu angeapa ni C meja, na mwingine angeapa ni Doriani, na wote wangekuwa wamekosea kwa sababu hawakusikiliza.

Wewe una bahati, unatumia solfa. Solfa hii ya herufi, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover wa Norwich, inafaa sana kwa nyimbo za modi kuliko watu wanavyodhani. Do inahama, lakini uhusiano wa noti haubadiliki. Ukishajua kituo ni re, umeshajua ni Doriani, uwe umeanzia C, E flati au A. Kituo kikiwa mi ni Frijia, fa ni Lidia, so ni Miksolidia. La ni Eolia, ambayo ndiyo maina ya asili, na do ni Ionia, ambayo ndiyo meja. Hizo mbili za mwisho hazikuwa kwenye hesabu ya modi nane za Kanisa. Glarean wa Uswisi ndiye aliyeziongeza katika kitabu chake cha mwaka 1547, akafikisha modi kumi na mbili.

Sasa kituo utakitafutaje?

Kwa nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kanisa za sauti moja kwa Kilatini, anza na kitabu chenyewe. Graduale, kitabu cha nyimbo za Misa, huchapa namba ya modi mwanzoni mwa wimbo, juu ya herufi ya kwanza kubwa. Modi ya 1 na ya 2 zinatulia re, ya 3 na ya 4 mi, ya 5 na ya 6 fa, ya 7 na ya 8 so. Namba witiri ni za nyimbo zinazopanda juu ya kituo. Namba shufwa ni za nyimbo zinazozunguka kituo, zikishuka chini yake na kupanda kiasi. Kuna pia noti ya pili yenye uzito, ile ambayo maneno mengi huimbiwa juu yake, hasa katika zaburi. Kwa modi ya 1 ni la, ya 2 ni fa, ya 3 ni do, ya 4 ni la, ya 5 ni do, ya 6 ni la, ya 7 ni re ya juu na ya 8 ni do. Hiyo ndiyo inayowapotosha wapiga kinanda. Katika modi ya 8, kwa mfano Veni Creator, sauti inaelea sana kwenye do, mkono unakimbilia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C, halafu mstari wa mwisho unashuka so na mpiga kinanda anaduwaa. Do pale ni mahali pa kupumzika njiani tu, safari inaishia so.

Wimbo ukiwa hauna namba, fanya hivi. Mwambie mpiga kinanda ashikilie noti moja ya chini kwa mkono wa kushoto, asiiachie, asipige kodi yoyote, na wewe uimbe wimbo wote juu yake. Kwanza D. Kisha rudia juu ya C, kisha juu ya A. Kwa Victimae utasikia tofauti waziwazi: juu ya C kila mwisho wa mstari unasuguana na ile sauti ya chini; juu ya A wimbo unaonekana kama unauliza; juu ya D kila mstari unafika na kukaa. Jaribio hili ni dakika chache, na linaamua kuliko mabishano ya mwezi mzima. Noti ya mwisho ni shahidi mzuri, lakini usimtegemee peke yake, hasa kwa nyimbo zenye kiitikio ambazo shairi linaishia pembeni ili kiitikio kiingie. Sikiliza miisho yote ya mistari. Noti ya kwanza ni shahidi dhaifu: Dies irae inaanza fa mi fa re mi do re re, na anayehukumu kwa noti ya kwanza atasema kituo ni fa, wakati mstari huohuo wa silabi nane umeshakanyaga re mara tatu na kuishia hapo.

Ukishapata kituo, tafuta noti ya kutambulisha. Simama kwenye D na usikilize kama wimbo una huzuni ya maina au uwazi wa meja, yaani kama kuna F ya kawaida au F shapu. Ukiwa upande wa maina, angalia noti ya sita: B ya kawaida inakupa Doriani, B flati inakupa maina ya asili. Noti ya pili ikiwa E flati, ni Frijia. Ukiwa upande wa meja, angalia ya saba: C ya kawaida badala ya C shapu ni Miksolidia. Ya nne ikiwa G shapu ni Lidia.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalisemi. Wimbo mfupi unaweza kutoigusa kabisa noti ya kutambulisha. Ule mstari wa kwanza wa Dies irae nilioutaja una do, re, mi na fa tu. Hakuna ti wala ta (ti iliyoshushwa nusu toni) ndani yake. Kwa mstari huo peke yake huwezi kusema ni Doriani au maina, na hupaswi kujilazimisha; endelea na mistari inayofuata. Na ikitokea B flati mahali pamoja tu, katikati ya wimbo wa modi ya kwanza, usibadilishe jina la ufunguo. Waimbaji wa zamani walikuwa na kanuni kwamba sauti ikipanda noti moja tu juu ya la na kurudi, noti hiyo hulainishwa kuwa ta. Ni ta ya kupita. Nadhani mpiga kinanda wako ameisikia mahali fulani katika nyimbo za Kigregori, akaipandisha cheo kuwa flati ya wimbo mzima.

Frijia ndiyo ngumu kuliko zote, nikuonye mapema. Mkifika Alhamisi Kuu mkaimba Pange lingua kwa sauti yake ya modi ya 3 wakati wa kuhamisha Sakramenti, au Tantum ergo ambayo ni beti zake mbili za mwisho, mtakuta inaanza mi na kuishia mi. Masikio yaliyokulia kwenye meja na maina yanaivuta mi kwenda la, na wengi wataona wimbo haujaisha. Umeisha. Msiongeze kodi ya A maina mwishoni ili "kuufunga". Acheni mi ikae.

Kuhusu kuhamisha wimbo: sauti za Kigregori hazina C au D ya lazima. Zile noti za mraba kwenye mistari minne zinaonyesha do iko mstari upi, au fa iko mstari upi, na hazisemi do hiyo ianzie wapi kwenye kinanda. Kwa hiyo "Do = C" kwenye nakala yako ni uamuzi wa aliyeandika solfa, na unaweza kuubadilisha. Kanuni ni nyepesi. Kituo kikiwa re, do iko toni moja chini yake. Kikiwa mi, do iko toni mbili chini. Kikiwa fa, toni mbili na nusu; so, toni tatu na nusu; la, hesabu toni moja na nusu kwenda juu. Ukishaipata do, alama za ufunguo ni zile za meja ya do hiyo.

Jaribu kinyumenyume na shapu moja, yaani Do = G. Wimbo unaotulia A utakuwa A Doriani. Ukitulia B, ni B Frijia. Ukitulia C, ni C Lidia. D, ni D Miksolidia. E, ni E maina ya asili. Na G yenyewe ni G meja. Nyimbo sita zenye shapu ileile moja mwanzoni, na funguo sita tofauti. Katibu wako akiliona hili kwenye kinanda ataelewa kwa nini C yake haikutosha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kodi zinazowekwa chini ya nyimbo hizi. Mpiga kinanda akishaamini ni D maina, mkono wake utaenda kwenye A meja kabla ya kila mwisho, na ndani ya A meja kuna C shapu, yaani de. Tazama mwanzo wa Victimae: re, do, re. Noti ya pili kabisa ya wimbo ni do ya kawaida, toni nzima chini ya kituo. Wimbo umeshakataa de kabla ya kumaliza neno la kwanza. Ukiweka C shapu kwenye kinanda huku waimbaji wanaimba C, mtagombana. Na waimbaji wakikubali kuifuata kinanda, mmeshaimba wimbo mwingine.

Hili limetokea kweli katika historia, na kwa wimbo huuhuu. Martin Luther ana wimbo wa Pasaka wa mwaka 1524, Christ lag in Todesbanden, uliotokana na sauti ya Victimae. Bach alipoutumia katika kantata yake namba 4, noti ile ya pili imepandishwa nusu toni. Kazi ya Bach ni nzuri sana, na yeye alijua anachokifanya: zama zake zilikuwa za meja na maina. Hata waandishi wa sauti nyingi wa karne ya 16, Palestrina akiwemo, walipandisha noti ya saba kwenye miisho. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kupandisha ni dhambi. Ninachosema ni kwamba mkiimba sauti moja ya Kigregori kama ilivyo, kinanda kifuate wimbo. Mwambie mpiga kinanda atumie D maina, C meja, A maina, F meja na G meja yenye B ya kawaida. Mwishoni atoke C meja aingie D maina. Atashtuka mara ya kwanza, kisha atauona ule uwazi na ukakamavu ambao ufunguo wa D maina hauna. G meja ndiyo inayobeba B ya kawaida, kwa hiyo asiiogope, ila asiitumie kila mstari.

Umeuliza pia nyimbo nyingine. Tatizo lako linawakuta hata wapiga gitaa. Kijana ana wimbo unaozunguka G na F, G na F, kutoka mwanzo hadi mwisho, anaona hakuna shapu, anaandika "ufunguo C". Lakini C haijapigwa hata mara moja, na kila mzunguko unarudi G. Huo ni G Miksolidia. Katika jazi kuna So What ya Miles Davis ya 1959: mizani (vipande vya mapigo) 16 za D Doriani, 8 za E flati Doriani, kisha 8 za D Doriani tena. Modi ni ileile wimbo mzima, kinachohama ni kituo kwa nusu toni, na familia nzima ya noti inahama nacho.

Watu wa taarabu hawana shida hii, kwa sababu hawajawahi kutenganishwa na swali la kituo. Mpiga udi au kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) wa Zanzibar akiuliza wimbo uko wapi, jibu lina sehemu mbili tangu mwanzo: jina la makamu, yaani modi ya muziki wa Kiarabu kama hijazi au bayati, na noti inapokaa. Hijazi ya D ina D, E flati, F shapu, G, A, B flati na C. Mpiga kinanda wa kwaya akizikuta noti hizo, mara nyingi atasema ni G maina, ataumalizia wimbo G, na mzee yeyote wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichopo tangu 1905, atajua papo hapo kuwa mgeni ameingia. Kosa ni lilelile la katibu wako: amesoma noti, hakusikiliza kituo. Na bayati ya D ina E ambayo iko kati ya E na E flati, ambayo kinanda cha kawaida hakina kabisa. Hapo hata familia ya noti haiandikiki kwa shapu na flati zetu. Ukipata nafasi ya kufika Unguja, pita katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ukaone wanafunzi wa kanuni wanavyohamisha vishikizo vidogo vya pembeni mwa nyuzi ili kubadili makamu.

Kwenye kwaya zetu wenyewe, ukinakili nyimbo za Wagogo wa Dodoma kwa solfa, utakuta do, re, mi, so na ta. Hiyo ta usiirekebishe kuwa ti. Skeli yao, yaani mfululizo wao wa noti, inatokana na sauti za asili za uzi mmoja, zile zinazosikika uzi ukigawanyika sehemu sawa, kuanzia ya 4 hadi ya 9, na sauti ya 7 ndiyo hiyo ta. Iko chini ya B flati ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Kwaya ikiimba bila kinanda itaipata yenyewe. Kinanda kikiingia, ndipo inapovutwa.

Kwa Jumapili yenu, chagua do upya kabla ya mazoezi. Victimae inatembea eneo pana, chini na juu. Imba mwenyewe noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ukiwa na wanaume wako na wanawake wako pamoja, kwa sauti moja. Wanaume wakipotea chini, panda hadi Do = D; kituo kitakuwa E, na kinanda kitakuwa na shapu mbili. Wanawake wakibanwa juu, shuka hadi Do = B flati; kituo kitakuwa C, na kinanda kitakuwa na flati mbili. Kisha kwenye nakala andika juu mistari miwili: "Do = B flati" na chini yake "Kituo: re". Mpe mpiga kinanda nakala hiyo wiki moja kabla, na mwambie C maina hapa ina A ya kawaida.